Hutashinda Upepo kwa Wati: Historia ya Spika za Pikipiki

Leo ni historia, lakini inaanzia Luthuli Avenue.

Jamaa yangu mmoja amenunua pikipiki ya safari. Si nduthi. Namaanisha lile dude la Kimarekani lenye masanduku mawili ubavuni, ngao kubwa ya plastiki mbele ya usukani, na redio katikati kama dashibodi ya gari. Liliingia nchini likiwa limetumika, na pesa aliyotoa ungepata nayo ploti mahali. Wiki nzima ya kwanza hakuongea kuhusu injini wala matairi. Ni spika tu. Ati akifika mwendo wa mia kwenye barabara kuu mziki unapotea, anabaki kuona jina la wimbo kwenye skrini bila kusikia wimbo wenyewe.

Basi tukaenda Luthuli. Fundi wa kwanza akatutolea amplifaya iliyoandikwa wati 1,000 kwa maandishi makubwa, na spika nne za kung'aa. "Mkubwa, ukiweka hii, huko mbele watakusikia kabla wakuone." Jamaa akatoa simu alipe. Nikamshika mkono nikamwambia, nipe wiki moja nisome kwanza.

Nilichokuta ni kwamba lalamiko lake ni la zamani kuliko pikipiki yake. Kwa karibu miaka hamsini, Wamarekani wamekuwa waking'oa spika za kiwanda na kuweka kubwa zaidi, kisha kubwa zaidi ya hizo. Na msimamo wangu niuseme mapema ili usiniite mnafiki baadaye: spika ya kiwanda mara nyingi haina makosa mengi kama tunavyodai. Adui ni upepo, na upepo hauogopi wati.

Tuanze nyuma kidogo. Mwaka wa 1930, Paul Galvin na kampuni yake ndogo ya Chicago walitengeneza redio ya kufunga ndani ya gari. Wakaifunga kwenye Studebaker, wakaendesha mpaka Atlantic City kwenye mkutano wa watengenezaji redio, wakaifungulia hapo nje watu wasikie. Redio hiyo wakaiita Motorola, "motor" ya gari ikaunganishwa na ule mkia wa "ola" uliokuwa kwenye majina ya vyombo vya mziki siku hizo. Ndiyo, Motorola ileile ya simu. Ndani ya gari mambo yalikuwa rahisi kiasi, kwa sababu gari ni chumba. Lina kuta, lina paa, sauti inazunguka humo humo.

Pikipiki haina chumba. Miaka hiyo ya 1930, waliokuwa na redio kwenye pikipiki Marekani walikuwa hasa polisi, tena redio za kupokea tu: makao makuu yanaongea, askari anasikiliza, hawezi kujibu. Hakuna aliyekuwa anajali besi. Unataka tu kusikia jina la mtaa.

Mziki ulikuja baada ya ngao. Hili ni jambo ambalo watu wengi wanaliruka, na kwangu ndilo moyo wa hadithi yote. Mwaka wa 1965 Harley-Davidson walitoa Electra Glide, jina hilo likitokana na stata ya umeme. Ilikuwa pikipiki yao kubwa ya kwanza ambayo huhitaji kuipiga teke. Mwaka wa 1969 wakaanza kuiuzia ngao ya mbele iliyopanuka pande zote mbili kama mabawa ya popo, na mpaka leo Wamarekani wanaiita bawa la popo. Wakati huohuo kulikuwa na kijana wa Illinois, Craig Vetter, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitoa ngao aliyoiita Windjammer, ambayo ungeweza kuifunga kwenye pikipiki za kampuni nyingi tofauti. Ngao hizi zilitengenezwa kumkinga dereva na upepo, mvua na wadudu. Hakuna aliyeketi akachora mahali pa mziki.

Lakini mpe binadamu nafasi tupu mbele ya uso wake uone. Ngao ina mgongo, mgongo una nafasi, na nafasi inatosha redio ya gari. Kwa hiyo mziki wa pikipiki ulizaliwa kama mpangaji: aliingia kwenye nyumba iliyojengwa kwa kazi nyingine. Shida zote anazopata jamaa yangu leo zimetoka hapo.

Honda nao walifuata njia hiyohiyo. Gold Wing ya kwanza, GL1000 ya 1975, ilikuwa uchi kabisa: injini, tangi, kiti, basi. Wenye nazo ndio walizivalisha, wengi wao wakitumia ngao za Vetter. Honda wakaona pesa inapita mbele ya macho yao ikienda kwa mtu mwingine, na mwaka wa 1980 wakatoa Interstate, ikiwa na ngao na masanduku kutoka kiwandani, na redio kwa aliyeitaka. Kufikia Aspencade ya 1982, wazo la pikipiki kuwa na stereo halikuwa utani tena. Baadaye Gold Wing zikapata hata sauti inayojipandisha yenyewe kadiri unavyoongeza mwendo. Hebu fikiria hiyo kidogo. Mainjinia wa Japani walijua tatizo ni upepo, wakajaribu kulitibu kwa namna ambayo fundi wa Luthuli angependekeza: ongeza sauti.

Na ongeza sauti imekuwa jibu la kila mtu tangu hapo. Harley wakaleta spika bora na majina ya kampuni kubwa za sauti: kwanza Harman/Kardon, na miaka ya karibuni Rockford Fosgate, ambao ni watu wa mziki wa magari. Honda nao, baada ya kutoa Gold Wing mpya kabisa ya 2018, iliyokuwa pikipiki ya kwanza kuja na CarPlay, walirudi kwenye toleo la 2021 wakaweka spika mpya za wati 45. Miaka mitatu tu. Hiyo inakuonyesha viwanda vyenyewe havijamaliza hesabu hii.

Sasa hesabu. Msiogope, ni fupi.

Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, unapata desibeli 3 tu zaidi. Hizo unazisikia, lakini kwa shida, kama mtu amesogea hatua moja karibu nawe. Ili sikio lako liseme "hii sasa ina sauti mara mbili", unahitaji takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kutoka wati 25 mpaka wati 250. Hapo ndipo biashara ya namba kubwa inapokupata: wati 1,000 inaonekana kama mara nne ya 250, lakini sikio linaiona kama nyongeza ya desibeli 6. Tena hiyo ni kama ile namba ya kwenye boksi ni ya kweli, na wewe na mimi tunajua maboksi.

Kuna njia nyingine ya kupata desibeli hizo 6 bila kugusa amplifaya. Kila spika ya maana ina namba inayosema itatoa sauti kiasi gani ukiipa wati moja na kusimama mita moja mbele yake. Spika yenye 92 dhidi ya spika yenye 86: tofauti hiyo ni sawa na kuongeza nguvu mara nne. Bure. Namba hii iko kwenye karatasi ndogo ndani ya boksi, si nje, na kwa madirisha yote ya Luthuli tuliyopita siku hiyo sikuona hata moja iliyoibandika.

Halafu besi. Spika inaposukuma hewa mbele, inavuta hewa nyuma kwa wakati uleule. Kama hakuna kitu cha kutenganisha mbele na nyuma, hewa inazunguka ukingo na mawimbi mawili yanafutana, hasa yale ya chini. Ndiyo maana spika ikiwa mkononi mwako haina besi na ukiiweka kwenye boksi inapata roho. Edgar Villchur alilifanya hili kuwa sayansi mwaka wa 1954: spika ndani ya boksi dogo lililozibwa kabisa, hewa iliyofungwa humo ikifanya kazi ya springi. Ngao ya pikipiki ni kinyume cha boksi la Villchur. Ina matundu ya waya, matundu ya taa, nafasi ya usukani kugeuka, na chini iko wazi. Yule mpangaji wetu anaishi kwenye nyumba isiyo na milango.

Na hata ukiziba kila tundu kwa sponji, kama wanavyofanya wengine, bado upepo unakungoja. Kelele ya upepo ndani ya helmeti ukiwa mwendo wa kilomita mia kwa saa inaweza kufika desibeli 100, na sehemu kubwa ya kelele hiyo ni ya chini, mngurumo, mahali palepale besi inapokaa. Helmeti iliyofunika uso wote inazuia vizuri sauti za juu, kama matoazi na sauti ya mwimbaji, lakini mngurumo inauacha upite. Kwa hiyo dereva mwenye helmeti nzuri anapata hasara mara mbili: mziki wa juu umezuiwa nje, wa chini umefunikwa na upepo ndani. Kisha anasema spika ni mbovu!

Hapa ndipo historia ya sheria inaingia, na kwangu inaeleza kwa nini mchezo huu ni wa Kimarekani hasa. Mwaka wa 1966 serikali ya Marekani ilizibana majimbo yaweke sheria za helmeti, la sivyo yakose pesa za barabara. Waendeshaji wakapiga kelele, na mwaka wa 1976 Bunge likalegeza. Majimbo mengi yakazifuta au kuzipunguza sheria hizo, na mpaka leo kuna mahali kama Illinois ambapo mtu mzima anapanda pikipiki kichwa wazi. Ukiwa kichwa wazi nyuma ya bawa la popo, mwendo wa wastani, spika ziko karibu na uso wako: zinafanya kazi! Ulaya, ambako helmeti ni lazima, wengi wameenda njia ya vifaa vya Bluetooth vya ndani ya helmeti. Kwa maoni yangu Wazungu wa Ulaya wameshinda hoja hii, ingawa Wamarekani wana picha nzuri zaidi.

Tuwape haki yao hao Wamarekani, maana wamejifunza. Kizazi cha kwanza kilichukua spika za gari, na mvua ikaziozesha karatasi zake. Wakahamia spika za boti, zinazostahimili maji na jua. Kisha wakagundua kitu ambacho kila msikiti na kila krusedi ya Kenya imekijua miaka yote: ukitaka sauti ifike mbali nje, tumia tarumbeta. Peter Jensen na Edwin Pridham walianza hivyo kule California mwaka wa 1915, wakiita chombo chao Magnavox, sauti kuu kwa Kilatini, na mwaka wa 1919 rais Woodrow Wilson alihutubia umati uwanjani San Diego kwa vipaza sauti vyao. Tarumbeta haiongezi umeme. Inaisaidia spika ndogo kuishika hewa vizuri zaidi, basi. Leo utakuta pikipiki za Marekani zina twita za tarumbeta katikati ya spika, teknolojia ya hotuba ya 1919 ikiwa imepakwa rangi.

La pili walilojifunza ni kukata besi makusudi. Fundi anayejua kazi anaiambia amplifaya isipeleke chochote chini ya takriban hertsi 100 kwenye spika za mbele. Spika inaacha kuhangaika na sauti ambayo hungeisikia hata hivyo, na ile nguvu inaenda kwenye sauti za kati, palipo na maneno. Na la tatu ni amplifaya za daraja la D. Zile za zamani ziligeuza karibu nusu ya umeme kuwa joto. Hizi zinatumia sehemu kubwa ya umeme kwa sauti, kwa hiyo zinaweza kuwa ndogo kama kitabu na kujificha nyuma ya ngao bila kuungua wala kumaliza betri haraka.

Haya yote ni maendeleo ya kweli. Lakini kuna kona moja walipita ambayo mimi siikubali. Baada ya Street Glide ya 2006, pikipiki ya masanduku yasiyo na boksi la nyuma ikawa fasheni kubwa, na watu wakaanza kukata vifuniko vya masanduku ya ubavuni na kufunga spika za inchi sita kwa tisa. Angalia mahali vifuniko hivyo viko. Viko nyuma ya dereva. Unapoendesha, upepo unabeba sauti hiyo kwenda kwa gari linalokufuata. Spika za 1980 zilikuwa za kumburudisha dereva katika safari ya siku tatu. Za sasa, nyingi, ni za kusimama kwenye maegesho watu wakusanyike. Tumerudi kwa Wilson uwanjani, tofauti ni kwamba hakuna hotuba.

Ungefikiria hayo hayatuhusu, lakini sikiliza nje. Mwaka wa 2008 serikali yetu iliondoa VAT kwenye pikipiki ndogo za chini ya sisi 250, na boda zikajaa kila mahali. Boda zikaja na redio zao: kile kispika cha duara kwenye usukani, kina FM, kina shimo la flashi, kingine kina alam. Ni bei rahisi, kinapasuka sauti, na cha kushangaza, kinafanya kazi kuliko mfumo wa jamaa yangu. Sababu si uchawi. Nduthi ndani ya mtaa inaenda thelathini, arobaini, na kelele ya upepo inapanda kwa kasi sana mwendo unapoongezeka. Kwa arobaini upepo bado ni mdogo. Yule kijana wa stage kwa pesa kidogo amepata kitu ambacho tajiri wa barabara kuu anakitafuta kwa maelfu: anasikia wimbo. Sisi wengine pia tunausikia, tupende tusipende, na kanuni za kelele za 2009 zipo, lakini hiyo ni vita ya siku nyingine.

Kilichonifanya niandike hata hivyo ni masikio. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Fuata ngazi hiyo juu: 88 ni saa nne, 91 ni mbili, 94 ni moja, 97 ni nusu saa, 100 ni dakika kumi na tano. Sasa kumbuka upepo peke yake ndani ya helmeti unaweza kuwa 100. Kabla hujawasha redio. Na kwa sababu mziki lazima upite upepo ndio usikike, kila spika mpya uliyoweka ili "kushinda" upepo inapanda juu ya kelele ambayo tayari imezidi. Nairobi mpaka Nanyuki ni zaidi ya dakika kumi na tano, hata ukiwa mkorofi.

Uliwahi kushuka kwenye pikipiki ukasikia nzi wakiimba masikioni mpaka usiku? Mimi ndiyo, mara mbili, na niliona ni sehemu ya raha. Hakuna fundi wa Luthuli anayebadilisha ile spika ya ndani ya sikio.

Kwa hiyo nilirudi kwa jamaa na karatasi yangu. Nikamwambia: acha amplifaya ya elfu moja. Tafuta kioo kirefu kidogo cha ngao, kwa sababu upepo ukipita juu ya kichwa umepata desibeli ambazo hakuna duka linaziuza. Spika mbili za mbele zenye namba nzuri ya wati moja, zisizoogopa maji. Kata besi. Na ukienda mbali, vaa vile viziba masikio vya sponji; vinapunguza upepo na mziki pamoja, na wengi wanasema hapo ndipo maneno ya wimbo yanaanza kusikika vizuri.

Alinisikiza vizuri sana. Alinunua kioo, akanunua spika mbili za mbele, na kwa kweli zinaimba. Viziba masikio amevitia mfukoni, anasema atavijaribu akienda Mombasa. Halafu jana ananitumia picha: kifuniko cha sanduku la nyuma kimekatwa shimo la inchi sita kwa tisa.

"Ni ya kuegesha tu, buda," ameandika.